NYUMBA KONGWE NA MATUMIZI MAPYA: MAELEZO KWA WAKAAZI WA MJI MKONGWE

Mara kwa mara wananchi wanaoishi Mji Mkongwe wa Zanzibar, pamoja na watumishi wa Serikali ambao kazi zao zinahusu ardhi, nyumba na ujenzi, huuliza swali moja: je, kuhifadhi nyumba kongwe maana yake ni kukatazwa kuigusa? Mwenye nyumba anayetaka kutia choo cha ndani, wapangaji wanaotaka kuigawa ghorofa ili kila familia ipate faragha yake, na warithi wanaotaka kuligeuza duka lililofungwa liwe chumba cha kuishi, wote hujiona wamekwama baina ya sheria na haja zao.

Makala haya yanakusudia kuliondoa shaka hilo. Sheria haimkatazi mtu kubadilisha matumizi ya nyumba yake. Inamtaka abadilishe kwa kipimo. Kipimo chenyewe kimo ndani ya nyumba, katika mawe, chokaa na boriti zake. Mwenye kukifahamu atapata makaazi bora kwa gharama anayoimudu. Mwenye kukipuuza huhatarisha mali yake, na mara nyingine roho za waliomo ndani.

KUBADILISHA MATUMIZI SI JAMBO GENI

Mji Mkongwe, ulioandikishwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, haukufika hapa kwa kukaa vile vile. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17, ilikuwa ngome ya askari, kisha ikawa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumiwa na reli iliyokwenda Bububu. Katika miaka ya 1990 uwanja wake ukafanywa ukumbi wa wazi wa maonyesho. Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya hafla za kifalme, liligeuzwa afisi za serikali wakati wa himaya ya Waingereza, na baadaye likawa makumbusho. Kasri lililo jirani yake lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994. Forodha ya zamani ya Mizingani ilikuwa kwa miaka mingi makao ya chuo cha muziki.

Mfano ulio karibu zaidi na makaazi ya watu ni jengo la Dispensari ya Zamani, lililopo ufukweni kuelekea Malindi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, aliyekusudia kujenga hospitali. Hakuishi kuiona ikimalizika. Jengo lilipopata mwenyewe mwengine, chini pakawa dispensari na ghorofa za juu zikawa nyumba za kupanga. Baadaye likachakaa hata likawa halikaliki. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilitengeneza, na roshani zake za mbao zilizochongwa zikarejea katika hali yake. Katika kazi hiyo mafundi wa hapa hapa walijifunza upya namna ya kutumia chokaa na kuunga mbao kwa njia ya asili. Jengo lilikuwa na matumizi matatu katika muda wa miaka 100 na ushei, wala sura yake haikupotea.

Nyumba za watu binafsi nazo zimepita njia hiyo hiyo. Nyumba ya Kiarabu yenye kuta tupu kwa nje na behewa ndani ilijengwa kwa ukoo mmoja pamoja na watumishi wao. Nyumba ya duka, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, ilikuwa na biashara mbele, ghala nyuma na familia juu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi kubwa zilizokuwa za familia moja zikakaliwa na familia kadhaa, kila moja ikiwa na chumba kimoja au viwili. Mabadiliko hayo yaliwapatia watu makaazi. Lakini yalifanyika bila ya nyumba kutayarishwa kuyapokea, na hapo ndipo penye asili ya matatizo mengi tunayoyaona.

JINSI NYUMBA ILIVYOJENGWA

Kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa udongo na chokaa, nazo zina unene wa nusu mita au zaidi. Juu yake hupigwa lipu ya chokaa na kumaliziwa kwa niru. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Chokaa ndiyo inayouruhusu kupumua.

Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto unaopigwa kwa mikono mpaka ushikane. Wazee wanakumbuka kazi ya kupiga sakafu iliyochukua siku kadhaa, watu wakiwa safu safu na vigogo mikononi, wakienda kwa nyimbo ili mapigo yawe sawa.

Boriti ndiyo iliyokipima chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko haubebi mzigo huo kwa urefu mkubwa, vyumba vingi vina upana usiozidi takriban mita 3, hata kama urefu wake ni mara tatu ya hapo. Kwa hiyo kila ukuta mnene ulio baina ya vyumba unabeba ncha za boriti za pande zote mbili. Hakuna ukuta wa mapambo katika nyumba hizi. Anayevunja ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana ameondoa mguu wa nyumba.

Behewa nalo lina kazi. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na hewa ya baridi huingia kupitia milango na madirisha ya chini. Behewa likizibwa kwa bati ili kupata chumba cha ziada, vyumba vyote vinavyolizunguka hukosa mwangaza na hewa, na kuta zake huanza kutoa ukungu.

MAMBO YANAYOIANGUSHA NYUMBA

Uchunguzi uliofanywa mwaka 1992, kabla ya kukamilishwa Mpango wa Uhifadhi wa Mji Mkongwe wa mwaka 1994, ulihesabu zaidi ya majengo 1,700, na sehemu kubwa yake ilikutwa katika hali ya kuchakaa. Sababu zilizoonekana wakati ule ndizo zinazoonekana hadi leo, nazo ni chache.

Ya kwanza ni maji. Paa likivuja au mlizamu ukiziba, maji huingia juu ya ukuta na kuteremka ndani kwa ndani, yakiuchukua udongo uliofunga mawe. Kwa nje ukuta huonekana mzima, na ndani umekuwa mtupu. Maji hayo hayo huozesha ncha za boriti zilizofichwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Bomba la choo linalovuja polepole kwa mwaka mzima hudhuru kuliko mvua moja ya masika.

Ya pili ni saruji. Wengi hudhani kuwa saruji, kwa kuwa ni ngumu, ni bora kuliko chokaa. Juu ya ukuta wa matumbawe saruji huuziba unyevu usitoke. Unyevu hupanda juu zaidi, huchukua chumvi, na baada ya miaka michache lipu hubanduka kwa mapande makubwa pamoja na uso wa mawe. Mchanga wa pwani, ambao una chumvi, huongeza ubaya huo.

Ya tatu ni uzito. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni sawa na tani 1, yaani magunia 10 ya kilo 100 yaliyowekwa mahali pamoja juu ya boriti ambazo pengine zina umri wa zaidi ya karne. Kuna wanaoongeza tabaka la zege juu ya sakafu ya zamani kila inapopasuka, na wengine huongeza ghorofa nzima ya matofali juu ya paa. Ukuta wa chini hupokea mzigo wote huo bila ya kuulizwa.

Ya nne ni kutokaliwa. Nyumba iliyofungwa haina wa kufungua madirisha, wa kuzibua mlizamu wala wa kuona ufa ulipoanza. Nyumba kongwe huishi kwa kukaliwa.

Hatari hii si ya nadharia. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Jumba la Maajabu pamoja na mnara wake wa saa ilianguka wakati kazi za matengenezo zikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Sehemu nyengine ya jengo hilo ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Ikiwa jengo mashuhuri kuliko yote, lililokuwa likitazamwa kila siku na maelfu ya watu, lilifikia hali hiyo, kila mmoja na aipime hali ya nyumba ya uchochoroni ambayo haitazamwi na mtu ila wanaolala ndani yake.

KUIGAWA NYUMBA KWA MAKAAZI YA FAMILIA

Nyumba kubwa ya Mji Mkongwe inafaa sana kugawiwa kuwa makaazi ya familia kadhaa, pengine kuliko inavyofaa matumizi mengine yoyote. Vyumba vyake virefu na vyembamba vimepangwa kulizunguka behewa, na ngazi moja huvifikia vyote. Mgawanyo unaofuata kuta zilizopo hauhitaji kuvunja kitu. Mambo manne huzingatiwa.

Kwanza, panapohitajika kukigawa chumba kirefu, hutumika kiambaza chepesi cha mbao kinachoweza kuondolewa baadaye bila ya kuacha jeraha. Ukuta wa matofali haujengwi katikati ya sakafu ya boriti.

Pili, vyoo na majiko huwekwa kwa mstari mmoja, choo cha ghorofa ya juu kikiwa juu ya choo cha ghorofa ya chini, na mabomba yote yakishuka pahala pamoja panapofikika kwa ukaguzi. Familia tano zenye vyoo vitano katika pembe tano za nyumba zina njia tano za kuvuja.

Tatu, tangi la maji huwekwa chini, au juu ya ukuta mnene baada ya kupimwa na fundi mwenye ujuzi, na maji hupandishwa kwa pampu kwenda kwenye tangi dogo.

Nne, mlango wa nakshi, roshani, madirisha na baraza ya nje hubaki. Mambo hayo ndiyo yanayoifanya nyumba itambulike, na baraza ni mali ya mtaa kama ilivyo ya mwenye nyumba.

Kwamba jambo hili linawezekana kwa kipimo kikubwa limeonekana Darajani. Jumba la Treni, jengo refu la karne ya 19 lililo ukingoni mwa Mji Mkongwe, lilifanyiwa matengenezo makubwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar katika miaka ya 2010. Chini yake yamebaki maduka na juu yake makaazi, kama ilivyokuwa desturi ya majengo ya aina ile.

MAKAAZI AU HOTELI?

Tangu milango ya utalii ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba nyingi zimegeuzwa nyumba za wageni na hoteli. Haifai kuidharau faida iliyopatikana. Zipo nyumba ambazo zingekuwa magofu lau wawekezaji wasingezitengeneza, na jengo la zamani la simu liliopo Shangani ni mfano mmoja: lilitengenezwa na kufunguliwa kuwa hoteli mwaka 1997.

Hata hivyo, hoteli ina matakwa yasiyolingana na mwili wa nyumba kongwe. Kila chumba kinataka choo chake, paa linatakiwa liwe mkahawa, na ukumbi wa kupokea wageni unataka nafasi ambayo boriti haiwezi kuitoa. Nyumba ikishindwa kukidhi matakwa hayo, hujengwa nyongeza pembeni yake. Katika kadhia ya Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 iliyounganishwa na jengo jipya la hoteli lililofunguliwa mwaka 2015, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo hilo na namna linavyobadilisha sura ya mji kwa upande wa bahari.

Lipo na jambo jengine ambalo halionekani katika michoro. Mtaa ambao nyumba zake zote ni za wageni hauna watoto wa kwenda chuoni asubuhi, hauna muuza mkate, hauna wa kumsalimu jirani barazani. UNESCO iliutambua Mji Mkongwe kwa namna tamaduni za Afrika, Arabuni, India na Ulaya zilivyochanganyika na kupatana ndani yake. Mchanganyiko huo ni wa watu kabla ya kuwa wa majengo. Kwa hiyo afisa anayeshughulikia maombi ya kubadilisha matumizi ya nyumba ana wajibu wa kujiuliza, pamoja na maswali ya ujenzi, ni familia ngapi zitatoka na zitakwenda wapi.

NANI MWENYE WAJIBU?

Umiliki wa nyumba za Mji Mkongwe ni wa namna mbali mbali, na kila namna ina ugumu wake. Zipo nyumba za Serikali, zipo za wakfu zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na zipo za watu binafsi. Nyumba ya kodi ndogo haikusanyi fedha za kutengenezea paa lake. Nyumba ya warithi wengi hungojea makubaliano ambayo mara nyingine huja baada ya ukuta kuanguka. Mpangaji naye husema nyumba si yake, mwenye nyumba husema yeye haishi humo, na maji huendelea kuingia.

Njia ya kutoka katika hali hiyo ni kutenganisha matunzo na matengenezo. Matunzo ni kazi ndogo ndogo zisizohitaji fedha nyingi: kuzibua milizamu kabla ya masika na vuli, kung'oa miche inayoota juu ya kuta ingali midogo, kubadilisha bati moja lililotoboka, kuziba bomba linalovuja. Haya yako ndani ya uwezo wa wapangaji wakishirikiana, kwa kuchangishana kidogo kila mwezi. Matengenezo ni kazi kubwa za kubadilisha boriti, kujenga upya ukuta au kuezeka paa, nayo ni wajibu wa mmiliki. Nyumba iliyopata matunzo huchelewa sana kuhitaji matengenezo.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwa mujibu wa sheria inayosimamia uhifadhi na uendelezaji wa Mji Mkongwe, mtu yeyote anayekusudia kujenga, kubomoa au kubadilisha jengo ndani ya eneo la hifadhi anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kuanza kazi. Wananchi wanashauriwa kufuata mpango huu:

1. Nyumba ikaguliwe yote kuanzia paa hadi msingi, hata kama kinachokusudiwa ni chumba kimoja. Ncha za boriti zipimwe kwa kuchokolewa, kutazama hakutoshi.

2. Maji yazuiwe kwanza. Hakuna faida ya kupiga lipu ukuta ambao juu yake paa linavuja.

3. Uchorwe mchoro unaoonesha nyumba ilivyo na itakavyokuwa, ukionesha kuta zote zinazobeba mzigo.

4. Kibali kiombwe, na kazi isianze mpaka kitolewe. Kazi iliyokwisha kufanyika vibaya ni ghali kuirekebisha kuliko iliyosimamishwa mapema.

5. Chokaa itayarishwe mapema. Chokaa iliyolazwa majini kwa wiki kadhaa au miezi ni bora kuliko iliyotumika siku ile ile.

6. Boriti nzima zilizotolewa zitumike tena. Misitu ya mikoko inalinda fukwe zetu na mazalio ya samaki, na haifai kukatwa pasi na haja.

7. Atafutwe fundi aliyewahi kufanya kazi ya chokaa, na awekewe kijana wa kujifunza kwake. Ujuzi huu ukifa, hakuna sheria itakayoziokoa nyumba.

Anayeona ufa unaopanuka, sakafu inayobonyea au ukuta unaotoa tumbo, asisubiri kibali wala mkutano wa warithi. Awatoe watu katika sehemu hiyo na atoe taarifa kwa Mamlaka na kwa Sheha siku ile ile.

HITIMISHO

Waliojenga nyumba hizi hawakutujua sisi, wala hawakujua kuwa ukumbi wa harusi utakuja kuwa chumba cha kulala cha familia ya watu sita. Walichotuachia ni kuta zinazoweza kupokea maisha ya namna nyingi, ilimradi zisitwikwe zisichokiweza na zisiachwe kunywa maji mwaka hadi mwaka. Nyumba iliyogawiwa vizuri huweka familia mjini, hulipa kodi inayotengeneza paa, na huwaachia watoto pahala pa kurithi. Kila mkaazi anaombwa aanze na lililo karibu: apande juu ya paa lake kabla ya masika kuingia, na auangalie mlizamu.